Kalkuleta Uso Chini

Kalkuleta za mfukoni zilipoingia chuo chetu cha ualimu huko Kitui, miaka ya themanini, mimi ndiye niliyemsihi mkuu wa chuo aziruhusu darasani mwangu. Nilimwambia kwamba mwalimu anayeogopa mashine atawafundisha watoto kuiogopa. Akakubali shingo upande. Wiki mbili baadaye akapita dirishani, akamwona kijana wa miaka ishirini na mbili akibonyeza saba mara nane.

"Ijumaa nitakuja kuketi nyuma," akaniambia. "Nikiona tena kitu kama hicho, zote zinaingia stoo mpaka mtihani uishe."

Jumanne nilitundika kiondo mlangoni, kila mtu atumbukize yake humo kabla ya kuketi. Kila dakika mbili mtu alikuja kuchungulia kama yake ingalipo. Nyingi zilitumia mwanga, na mle kiondoni zilikuwa zimezimika. Mwanafunzi mmoja alitoa yake, akashika kifua.

"Mwalimu, yangu imekata roho."

"Haijakata roho, ilikuwa gizani. Ipeleke dirishani."

Akaipeleka, namba zikarudi, na darasa zima likainuka kwenda kufufua zao. Somo la asilimia likaishia hapo. Nilicheka mpaka chaki ikanidondoka, ingawa nilijua stoo inakaribia.

Aliyetuokoa ni mwanafunzi mkubwa kuliko wote, mama wa watoto wanne aliyefundisha miaka mingi bila cheti kabla ya kuja chuoni. Kwao Makueni aliongoza mwethya, kikundi cha akina mama wanaochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, leo shamba la huyu, kesho la yule.

"Mwalimu, unajisumbua na kiondo," akasema. "Kwetu jembe halinyanyuliwi kabla ya wimbo. Na wimbo hauanzi kabla ya yule wa mwisho kufika kwenye mstari."

Nikamwomba atuongoze hivyo hivyo. Kalkuleta ikawa inalazwa mezani, uso chini. Kwanza unakisia jibu, kisha unafanya hesabu kwa mkono. Wa mwisho akiweka kalamu chini, mama anaimba mstari mmoja wa Kikamba, na hapo ndipo mashine zinageuzwa, kuhakiki jibu ambalo tayari unalo. Ukigusa yako kabla ya wimbo, unafuta ubao. Kufikia Alhamisi watu walikuwa wakikimbilia kugawanya kwa mkono ili tu wausikie wimbo. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia desimali namna ile.

Ijumaa mkuu akaketi nyuma, akatoa swali mwenyewe: mtaro una urefu wa mita arobaini na nane, upana sentimita sitini, kina sentimita sitini, udongo utakaotoka ni mita ngapi za ujazo? Kalamu zikaanza kukimbia. Mkuu naye akaandika kwenye bahasha. Mama alinyamaza tu, maana yule kijana wa saba mara nane alikuwa bado anapigana na nukta. Tukangoja. Mkuu akatazama bahasha yake, akakuna kidevu, kisha mkono wake ukaanza kuteleza polepole kuelekea kalkuleta ya jirani yake.

"Mheshimiwa," mama akasema kwa upole, "sijaimba."

Mkono ukarudi.

"Samahani, mama."

Kijana akaweka kalamu chini. Wimbo ukapanda, mashine zikageuzwa zote mara moja: kumi na saba nukta mbili nane. Kijana alikuwa amepata. Mkuu alikuwa amekosa. Nukta yake ilikuwa imeruka hatua moja kushoto. Akainuka bila kuambiwa, akafuta ubao wote, nusu ya chaki ikahamia kwenye koti lake jeusi, na sisi tukauma midomo tusicheke.

Nilimfuata mlangoni.

"Zibaki," akasema. Kisha akashusha sauti. "Huyo mama ana nafasi Jumatatu? Kuna mkutano wa walimu, na nyinyi huongea wote kwa pamoja."