Matanga kwa Mama Doreen

Basi la kutoka Bordesley Green kwenda mjini lilinuka makoti yaliyolowa na siki ya chipsi, na hadi leo harufu hiyo ikinipata mahali popote, mimi huondoka hapo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, tulikuwa tumefika Birmingham kutoka Uvira, Kongo, miezi michache tu kabla ya hapo, na Kiingereza kwangu kilikuwa bado kelele. Shuleni walinitoa darasani kila asubuhi nikafundishwe majina ya matunda kwa picha, lakini mwalimu wangu hasa alikuwa hilo basi. Nilikaa nyuma ya watu nisiowajua, nikatega masikio, nikadaka neno hapa na neno pale, na jioni nilimpelekea Mama nilichopata. Alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Alikuwa ameniambia kwamba mimi ndiye nitakayekuwa masikio yake katika nchi hii, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa naomba ifike siku nitakaposikia mazungumzo ya watu tangu mwanzo hadi mwisho bila kupotea.

Mama hakuwa na mtu. Uvira alikuwa hakosi harusi wala msiba, na hapa alishinda dirishani akiangalia mtaa ambao watu wake walitoka mlangoni na kuingia moja kwa moja kwenye magari yao. Mtu pekee aliyempungia mkono alikuwa jirani yetu, mwanamke Mwingereza aliyeitwa Doreen. Basi mume wa Doreen alipofariki, Mama hakungoja kuambiwa. Kwetu msiba hauna mwaliko. Alipika maharage na wali, akawaita wanawake wawili wa kanisani, wakajifunga vitenge, tukabeba sufuria ya chakula, tukaenda kubisha hodi. Doreen alifungua, akatuangalia kwa muda, kisha akatupisha. Wakaketi chini kwenye zulia lake, migongo ukutani, wakaimba nyimbo za kufariji hadi giza likaingia. Doreen alikaa kitini akiwa ameshika kikombe cha chai asichokunywa. Tuliporudi nyumbani Mama alikuwa mtu mwingine. Alisema sasa tuna jirani, akalala usingizi mzuri.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye basi, na mbele yetu walikaa wanawake wawili ambao sikuwahi kuwaona. Mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake jinsi babake alivyofariki, na jinsi wanawake wa Kiafrika walivyomvamia mama yake nyumbani, wakakaa sakafuni wakipiga kelele saa nzima na zaidi, na mama wa watu akaogopa kuwaambia watoke. Alisema chakula chao kilitupwa kwenye pipa na madirisha yakaachwa wazi hadi asubuhi. Mwenzake alicheka, naye akacheka. Nilielewa kila kitu. Sikupotea hata mara moja, na ile siku niliyoiomba ikawa ndiyo hiyo. Niliwachukia wale wanawake, nikakichukia Kiingereza chao na picha za matunda zilizonifikisha pale. Mama, aliyekuwa kando yangu, akaniona uso.

"Banasema nini?" akauliza.

"Banazungumuza baridi," nikamjibu.

Ningeiacha hapo, lakini Jumamosi Mama alivaa tena kitenge chake. Alitaka kwenda kumwangalia mfiwa na kuchukua sufuria yake. Sikutaka achekwe mara ya pili, kwa hiyo nikamwambia yote, hata lile pipa. Alinisikiliza huku akiendelea kufunga kilemba.

"Ni yeye alisema, ao ni mutoto wake?"

"Ni mutoto wake."

"Basi, tutaenda."

Doreen alifungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa umefungwa, akasema neno moja la shukrani. Sufuria haikuweza kupita pale, kwa hiyo akafungua mnyororo, akatukabidhi, akafunga. Tulisikia mnyororo ukirudishwa. Kwetu chombo cha chakula hakirudishwi kitupu. Mtu asiye na kitu hutia hata chumvi. Mama alisimama palepale barabarani akainua mfuniko. Ndani mlikuwa mmesuguliwa hadi mnang'aa, mnanuka sabuni. Akarudisha mfuniko taratibu, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena watu wanasema nini.

Mama amefariki, na mimi bado naishi mji huuhuu. Kiingereza changu sasa ni kizuri kuliko Kiswahili changu, na watoto wangu nikiwaita kwa lugha yetu wananijibu kwa ile ya basi. Mwaka jana jirani yangu alifiwa na mumewe. Nilisikia kilio chake kupitia ukutani nikiwa jikoni, na miguu yangu ilitaka kwenda. Sikwenda. Nilinunua kadi yenye maua meupe, nikaandika maneno mawili matatu yanayofaa, nikaitumbukiza mlangoni mwake bila kugonga, nikarudi ndani nikaendelea kumsikia akilia peke yake. Baada ya mazishi alinisimamisha nje, akanishika mkono, akaniambia kwamba mimi ni jirani mwema. Mama yangu hakuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote katika mji huu.