Siku Bahari Ilipokwenda Chai

Majira ya kuchipua yaliyopita nilirudi kwenye kile kijiji kidogo cha baharini, na safari hii sikwenda kwa basi la kanisa. Nilikwenda kwa gari langu mwenyewe, jeupe, lenye jina langu ubavuni na chini yake kazi yangu: fundi wa majokofu na viyoyozi. Wewe ni rafiki wa zamani, kwa hiyo sitajifanya mnyenyekevu mbele yako. Jina lile hakunipakia mtu rangi bure. Nina diploma, nimeitundika ukutani kwenye karakana yangu pale Tyseley, Birmingham, mahali ambapo mteja anaiona kabla hajaniona mimi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo niliitwa kwenye duka kubwa ambalo chumba chake cha baridi kilikuwa kimekufa, na nyama yote inaanza kulainika. Nilikitengeneza, nikanawa mikono, nikapitia nyumbani kumchukua binti yangu, ambaye mama yake alikuwa ameshamwandaa. Nilikuwa nimemwahidi bahari, na mimi nikiahidi huwa nimeahidi. Tena nilikuwa nimesoma ratiba ya maji kupwa na kujaa kwa wiki nzima. Tulipofika, maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukuta wa mawe, yanapiga na kurudi, sawasawa na nilivyopanga. Nikazima injini. Nikamwambia tupumue kidogo kabla ya kushuka. Mvua nyepesi ilianza kugonga bati la gari, vioo vikaingia mvuke, na mvuke ule ndio ulionirudisha nyuma.

Nilipokuwa mtoto tulikaa mtaa wa Castle Vale, ghorofa ya juu, mama, nyanya na mimi. Mama alikuwa akiwatunza wazee kwa zamu ya usiku. Nyanya alikuwa ameletwa kutoka kwetu Mwea anilee, kwa viza ya kutembea tu. Mama alipotoka jioni alituachia amri moja: msifungue mlango, hata akibisha malaika. Basi tulikaa. Nyanya aliiogopa lifti, akasema hawezi kuingia kwenye sanduku kabla hajafa, na ngazi zilimshinda magoti. Alisimama dirishani akitazama magari chini kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani. Nilipewa jina la babu, kwa hiyo aliniita mume wangu. Aliniambia, "Mume wangu, wewe na mimi tumefungwa bila kesi."

Mlango wetu wa kutokea ulikuwa mmoja: safari za kanisa. Baridi ilipoanza kulegea, mchungaji alikodi basi, tukaenda kuiona bahari na kurudi siku hiyohiyo. Tulichaguliwa vijiji vidogo, vile vyenye duka moja na kanisa la mawe, kwa sababu miji mikubwa ya pwani ilikuwa na mabembea na mashine za michezo, na wazazi hawakutaka kusikia kilio cha mtoto anayetaka kila kitu. Basi lilianza kwetu, likapita Tyseley kumchukua mzee mmoja wa kanisa aliyefanya kazi usiku kiwandani, kisha likaenda Edgbaston kusubiri nje ya hospitali. Hapo ndipo tulipochelewa kila mara. Ilikuwa desturi yetu kwamba basi haliondoki bila waliokuwa zamu, hata kama mgonjwa mmoja amewashika. Walitoka wamevaa sare, macho mekundu, wananukia sabuni ya hospitali, wakapokewa kwa chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati zilizofunikwa kwa leso. Kabla hatujafika barabara kuu, basi zima lilikuwa linakoroma.

Na hapo, rafiki yangu, ndipo ulipokuwa mtego. Mwalimu wa watoto wa Jumapili alikuwa ametunga sheria kwamba hakuna mtoto kushuka mpaka mzazi wake aamke. Naye mwalimu, akishaitangaza, alilala wa kwanza. Tulifika baharini na hakuna mzazi aliyefumbua jicho. Tulikatazwa kuwaamsha. Tulijua wote kwamba usingizi ule ulikuwa umekopwa kazini na ungerudishwa usiku uleule. Tulikaa kimya kwenye viti, viatu vya mpira miguuni, yai la kuchemsha mkononi. Vioo vilijaa mvuke wa pumzi zao. Tulichora bahari kwa kidole juu ya kioo, kisha tukachungulia ndani ya mchoro ili tuione ya kweli.

Ya kweli nayo haikuwapo. Sisi wote tulikuwa watu wa bara, na hakuna aliyejua kwamba upande ule maji hurudi nyuma kupita macho yanapofika. Tulichelewa kila safari, na kila safari tuliikuta bahari imeondoka, imeacha matope ya kijivu na ndege wanaodonoa. Yule mzee wa Tyseley aliamka mara moja, akafuta kioo kwa mkono wa koti, akatazama, akasema, "Bahari imekwenda chai." Akalala tena.

Nyanya hakucheka. Alikuwa na chupa kwenye mkoba wake, ya plastiki, aliyoiosha na kuianika dirishani. Kwao, mtu aliyefika baharini hurudi na maji yake, ili waliobaki wayaonje kwa ncha ya kidole na kupaka magotini. Rika lake mmoja, jirani yake wa mfereji kule mashamba ya mpunga, alikuwa amemwambia waziwazi: ukirudi bila maji ya chumvi tutajua ulikuwa umejificha Nairobi. Aliichukua chupa ile kila safari, na kila safari akairudisha Castle Vale tupu.

Safari ninayoikumbuka ilikuwa yake ya mwisho. Viza ilikuwa inaisha, sanduku lilikuwa limeshafungwa kwa kamba. Tulifika, wakalala, matope yakawa palepale. Mama alikuwa ameegemea kioo, mdomo wazi, sare haijavuliwa. Nyanya alimtazama kwa muda. Kisha akanishika mkono, tukapita kati ya viti, dereva akatufungulia mlango bila kuinua macho kwenye gazeti lake. Alikuwa mtu wa Birmingham hasa, na kwake nyanya alikuwa mzazi kama mzazi mwingine.

Kulikuwa na ubao wenye picha ya mtu aliyezama hadi kifuani. Nilimsomea nyanya maneno yake. Akavua viatu, akanikabidhi. "Matope yananijua mimi," akasema. "Nimepanda mpunga tangu sijaota maziwa. Kaa hapo ukutani, mume wangu, uone mkeo."

Akaenda. Mwanzoni alitembea vizuri, sketi ameikunja kiunoni, chupa mkononi, kama mtu anayekagua shamba lake. Mbali kabisa kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa. Kisha mguu mmoja ukazama usitoke. Akauvuta, ule wa pili ukazama zaidi. Matope ya Mwea yana chini yake. Haya hayakuwa na chini. Aligeuka akanitazama, akajaribu kutabasamu, na nikaona ule mstari unaong'aa haukuwa mbali tena.

Nilikimbia hadi kwa dereva nikamwambia kwa Kiingereza. Alitazama nje mara moja, akaweka kiganja juu ya honi, hakukiondoa.

Sijawahi kuona watu wakiamka vile. Basi zima lilimwagika nje, manesi kwa wapishi, mwingine na chapati bado mkononi. Mama alitoka kwa soksi. Alikuwa mwanamke aliyetembea polepole siku zote, kwa uchovu, na sikujua kwamba alijua kukimbia. Wanawake walifungua leso zote, za kufunika chakula na za kubebea watoto, wakazifunga moja kwa nyingine. Mwanamume wa kijijini aliyekuwa na mbwa alileta mbao, akazilaza juu ya matope, akampigia mama kelele asikanyage nje yake. Mama alitambaa juu ya mbao, kamba ya leso kiunoni, kanisa zima likiwa limeishika nyuma.

Maji yalikuwa yamefika. Yalimzunguka nyanya mapajani, ya rangi ya chai. Na nyanya alikuwa ameinama anajaza chupa.

"Mama, tupa hiyo chupa unipe mikono!" mama akapaza sauti.

"Mkono mmoja utatosha," nyanya akasema. "Huu mwingine una kazi."

Walivuta wakiimba, kwa maana hatujui kuvuta bila kuimba. Matope yalimwachia kwa sauti ambayo watoto tuliiga kwa mwezi mzima. Ndani ya basi alifungwa kwa makoti ya watu, na mama akapiga magoti kati ya viti akimwosha miguu kwa maji ya moto ya chupa ya chai. Alikuwa anamgombeza, analia, na anacheka kwa pamoja. Mzee wa Tyseley alisema tuliisingizia bahari: haikwenda chai, ilikwenda kumtafuta mkwe. Siku hiyo hakuna aliyelala hadi Birmingham. Ndiyo safari pekee ambayo nilimwona mama macho njia nzima, na nilikaa katikati yao wawili, nimebanwa, sitaki kufika.

Nyanya aliondoka na chupa yake katikati ya nguo. Baadaye mama alinituma nimfuate, akisema mtoto wa ghorofani hawezi kuwa mtu. Nikawa mtu. Nilisoma kule, nikaipata diploma, nikarudi hapa kwa miguu yangu. Nilipofika Mwea niliikuta chupa kwa yule jirani, imebaki tone, bado anapaka goti. Sasa nyanya amekwisha kuzikwa, naye mama hapandi tena basi. Hakuna basi. Waliolala mle wana magari yao sasa, kila mmoja huenda na wake siku anayoipata, na mzee wa Tyseley hatuna tena. Yale maghorofa mengi yamebomolewa. Ukimtaja dereva yule kanisani, vijana wanauliza ni nani.

Nilikuwa nataka kumsimulia binti yangu haya yote. Nilifumbua macho. Mvua ilikuwa imekatika. Vioo vilikuwa vyeupe kwa pumzi yangu, na upande wake palikuwa na mchoro wa mawimbi, umeanza kuchuruzika. Nilifuta kioo changu kwa mkono wa koti. Bahari ilikuwa imekwenda chai.

Binti yangu alikuwa ameketi wima, viatu vya mpira miguuni, mikono juu ya magoti. Nilimwuliza kwa nini hakuniamsha. Kiswahili anakielewa chote, lakini alinijibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote wa hapa: Mama alisema umetoka kazini, nikuache. Akaongeza kwamba aliiona kupitia dirishani, na ilikuwa kubwa.

Sikuwa na la kujisifia. Nilimwonyesha honi ilipo. Nikamwambia safari nyingine aweke kiganja pale asikiondoe mpaka niwe nimesimama nje. Akajaribu papo hapo, kwa nguvu zake zote. Ndege waliruka kutoka matopeni, wakazunguka, wakatua tena. Tulisubiri kidogo, tukasikiliza. Hakutoka mtu.