Reli ya Juani

Kisiwa cha Mafia hakina reli, wala hakuna aliyepata kuililia. Minazi ipo, mihogo ipo, barabara ya Utende ipo, yatosha. Lakini Mkadam wa Baleni alikuwa na treni zake, tena zenye faida, zote ndani ya simu.

Mkadam ni mkwezi. Minazi ya Baleni yote inamjua, mpaka mmoja ulipochoka naye ukamtupa chini na kumvunja mguu. Wakamfunga hogo la plasta kuanzia pajani hadi unyayoni, wakamlaza ukumbini. Mtu aliyezoea kuitazama dunia kutoka kileleni sasa anatazama dari! Mpwa wake Taufiki, fundi simu, akamwonea huruma, akamwekea gemu la reli.

Basi mzee akakolea. Ramani tupu akaigeuza Mafia: stesheni ya Kilindoni, ya Baleni, ya Utende. Makaa ya mawe aliyaita mbata, zile nazi kavu, maana hakuona kitu kingine cha maana cha kujaza behewa. Mwanzoni alikula hasara, treni zikitembea na hewa. Ndipo akagundua dawa yake: treni isiondoke mpaka ijae. Toka hapo namba zikawa za kijani, naye akavimba kichwa pale pale kitandani.

Laini moja tu ilimshinda, ya Juani, kisiwa kidogo ng'ambo ya Utende. Aliijengea daraja refu kupitia Chole, na abiria hawakuonekana.

"Ing'oe, mjomba," Taufiki alimwambia. "Inakula faida ya zote."

"Haing'olewi. Mwanangu yuko kule."

Munira, binti yake wa pekee, kaolewa Juani, na mimba ilikuwa ya kwanza. Mimba ya kwanza hurudishwa nyumbani. Binti hufuatwa na watu wa kwao, akajifungulie kwa mama yake. Biubwa, mke wa Mkadam, alishafunga mzigo wake aende. Mkadam akakataa katakata. Yeye ndiye aliyempeleka kwa mumewe, yeye ndiye atakayemrudisha.

"Ngoja hogo litoke, mama Munira. Siku zake bado."

"Mimba haijui hogo, baba Munira."

"Nimesema nitamfuata mwenyewe."

Ukaidi wa mzee huyu! Biubwa akaufungua mzigo wake.

Hogo lilikuwa halijatoka. Siku hiyo baada ya adhuhuri, treni ya Juani ikiwa stesheni inangoja kujaa, simu ikalia. Alikuwa Hafidhi, mume wa Munira.

"Shikamoo baba. Munira kashikwa na uchungu, na damu inatoka nyingi. Mkunga anasema afikishwe hospitali Kilindoni, upesi."

"Mpakie kwenye boti!"

"Maji yamekupwa, baba. Boti imekaa kwenye tope. Zinazoelea zote ziko dago, wavuvi wamepiga kambi Shungimbili."

Ilikuwa bamvua, maji yamekwenda mbali, na maji hayaji kwa kuitwa.

Biubwa alijitanda kanga, akapanda bodaboda kwenda kuwangojea pwani ya Utende. Hakumlaumu mumewe hata neno. Afadhali angelaumu. Mkadam alijaribu kusimama, hogo likamrudisha kitandani. Akampigia Hafidhi, haikupokelewa. Akapiga tena, kimya.

Kwa kukosa la kufanya, vidole vikarudi kwenye gemu. Treni ya Juani ilikuwa bado imesimama kule kule Juani, inangoja ijae. Akaiamuru iondoke. Iende tupu! Kisha akaziita na nyingine, ya Kilindoni, ya Baleni, zile za mbata, akazielekeza zote Juani. Reli ya darajani ilikuwa moja. Zikakutana katikati uso kwa uso, hii haipiti, ile hairudi. Namba zikawa nyekundu juu mpaka chini, naye anabonyeza tu, machozi yakidondoka kwenye kioo.

"Nendeni," aliziambia. "Nendeni basi."

Maji yalijaa kwa wakati wake. Magharibi ikiadhiniwa, Biubwa akapiga simu kutoka hospitali.

"Munira mzima, alhamdulillah. Mtoto hatunaye. Alikuwa wa kiume."

Munira alipopata nafuu, mama yake akamleta Baleni. Akaingia ukumbini taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda cha baba yake, akaliangalia lile hogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mkadam akaisukuma simu chini ya mto.

"Hafidhi alitaka kunileta mapema," Munira alisema. "Nikamwambia tusubiri. Baba kasema anakuja."