Nyasi Juu ya Mabati

Fundi aliyekuja juzi kufunga dari nyumbani kwangu aliinua bati moja adhuhuri, na ile harufu ya bati lililoshika moto wa jua ikanirudisha Shanwe, kwenye nyumba ya baba.

Baba alikuwa ameondoa nyasi na kuezeka mabati, wa kwanza mtaani kwetu. Watu walisimama njiani kuyatazama yanavyong'aa. Lakini kiangazi kilipokolea, ndani kukawa kama tanuri. Mdogo wangu, mtoto wa majuma machache, alitokwa na vipele mwili mzima, kisha akaacha kunyonya. Mama alimlaza juu ya kanga mbichi, mimi nikampepea kwa ungo.

Siku ya pili bibi, mama yake baba, alirudi kutoka bondeni na mzigo wa nyasi kichwani, akautua mlangoni.

"Panda, uzitandaze juu," alimwambia baba.

"Mama, watu watanicheka."

"Waache wacheke. Mtoto anaisha huyu."

Baba aliegemeza ngazi ukutani, mchana kweupe, majirani wakimwangalia. Nilimpa nyasi fungu kwa fungu, naye akazitandaza na kuzigandamiza kwa fito.

Jioni mtoto alinyonya.

Watu walicheka kweli. Mwaka uliofuata jirani yetu naye aliezeka mabati. Kiangazi kilipoanza alikuja uani, akakaa, akazungumzia mahindi kwa kirefu, halafu akamuuliza bibi kwa sauti ya chini zile nyasi alizikata wapi.