Hasira za Mama Kisu na Hisa Mia Mbili

Ukitaka kumchefua Mama Kisu, mwambie ana bahati. Miaka ishirini na sita amekata sabuni kiwandani, miguu inamvimba kwa kusimama, halafu mtu mzima na akili zake anakuja kumwambia bahati! Na Jumamosi hiyo aliyelitamka neno lenyewe alikuwa mdogo wake wa kiume, tena sebuleni kwake, tena amemletea mgeni bila hodi ya maana.

"Dada, bahati kama hii inauzwa ikiwa juu," alisema, akisukuma fomu ya kuuza hisa mezani. Ilikuwa imejazwa kila kitu, imebaki sahihi tu. "Tunapata gari la mizigo. Mimi naendesha, wewe unakula faida."

Mama Kisu hakuitazama fomu. Alimtazama mgeni. Nywele zilikuwa zimemtoka na kitambi kimeongezeka, lakini vile vidole vya kuhesabia noti angevijua popote. Damu ikamchemka.

Zamani, kila mwisho wa mwezi kiwanda kiliwapa wafanyakazi mshahara na katoni moja ya sabuni. Bwana huyu alikuwa akiwangoja getini, ananunua katoni kwa nusu ya bei, na sabuni hazikufika nyumbani kwa mtu. Mwaka ambao wafanyakazi waligawiwa hisa za kiwanda, vyeti vilitolewa kwenye dirisha lilelile la sabuni. Basi watu wakavipeleka kulekule zilikokwenda sabuni. Getini! Hisa mia mbili kwa bei ya katoni tatu, weka dole gumba hapa, nenda zako. Mdogo wake, aliyekuwa mpakiaji humohumo, aliuza akaondoka akipiga mluzi.

Mama Kisu hakuuza. Mwezi uliotangulia bwana huyo alimpunja kwenye sabuni, na alipolalamika akajibiwa mbele ya watu, "Kaogee nazo mwenyewe, labda utanukia." Akaapa hatamuuzia tena hata kipande. Cheti akakifungia sandukuni. Paa lilipovuja, mdogo wake alimwambia auze ahamie pengine, yeye akatega ndoo. Walipomcheka kwamba atakula karatasi, akazidi kukaza uzi. Bei ya hisa nayo ikapanda, mwaka hadi mwaka, mpaka waliocheka wakanyamaza. Sasa miguu imegoma, kazi ameacha, na gawio la kila mwaka ndilo linalolipa kodi ya nyumba na dawa. Akiuza, amejifukuza mwenyewe.

"Mama, heshima zako nakupa," mgeni alisema akitabasamu. "Wewe una subira."

"Subira?" Mama Kisu aliinuka, miguu mibovu na yote. "Subira ya wapi? Nilikukasirikia wewe! Miaka kumi na tisa nimekukasirikia, na bado sijamaliza. Toka kwangu!"

Mgeni alitoka viatu mkononi. Mdogo mtu alibaki kwenye kiti, ameinamisha kichwa.

"Siku ile ya vyeti ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni," akasema taratibu. "Mbona hukunizuia, dada?"

Mama Kisu alirudi kitini. Hasira zilikuwepo bado, lakini sasa hakujua amtupie nani.

"Ningekuzuia kwa lipi?" akasema. "Nilijua hisa ni kitu gani mimi? Jioni ile nilikusikia chumba cha pili na redio yako mpya, nikalia. Nikasema mwenzangu kapata, mimi nimebaki na karatasi."

Mdogo wake akainua uso, akamtazama.

"Usinitazame hivyo," akafoka. "Gawio likija nitakupa cha kuanzia. Hisa zenyewe usizitaje tena humu ndani. Na hiyo fomu yako iondoe mezani, nataka kuweka chakula."