Diski ya Harusi ya Zipora

Mwalimu Silvano aliishi peke yake upande wa Kizuka, karibu na mji wa Rumonge, katika nyumba ya vyumba viwili iliyozungukwa na michikichi. Watu walimwita mwalimu, ingawa tangu arudi Burundi hakuwahi kusimama mbele ya darasa. Alikuwa amefundisha miaka mingi kwa Kiswahili kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania. Huku shule zilitaka Kifaransa, na Kifaransa chake kiliishia kwenye salamu. Basi akawa mtu wa mawese.

Shamba la baba yake alilikuta lina wenyewe. Liligawanywa katikati: nusu yake, nusu ya Niyonkuru na mkewe Consolée. Waliishi bila ugomvi, wakisalimiana juu ya ua wa miti ya miyenzi. Lakini salamu ndiyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa maongezi. Kirundi cha Silvano kilikuwa kile ambacho mama yake alikimbia nacho mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, na watoto wa njiani walikicheka kama watu wanavyocheka kofia ya kizamani.

Mkewe alizikwa Mishamo. Binti yao wa pekee, Zipora, alibaki huko huko. Silvano alipoamua kurudi, Zipora alikuwa sekondari, na jirani yao Kabwe ndiye aliyesimama mlangoni akasema, "Nenda wewe. Mtoto mwache amalize shule, atakaa kwangu." Silvano alikubali akijua Zipora angemfuata baada ya mtihani. Hakumfuata. Alipata uraia wa Tanzania, akasomea unesi, akaajiriwa Mpanda. Moyoni mwake Silvano alihesabu kwamba Kabwe amemnyang'anya mtoto, na tangu hapo hakuongea naye tena.

Zipora alipoolewa, ilikuwa wakati wa korona na mpaka umefungwa. Alimpigia baba yake analia, anataka kuahirisha. "Msinisubiri," Silvano akamwambia. "Mahari imepokelewa, ng'ombe wameandaliwa. Oleweni." Alilisema vizuri, kwa sauti ya mwalimu. Baadaye hakuuliza nani alikaa mahali pake, na wao hawakumwambia.

Diski ya harusi ilichelewa sana kumfikia. Ililetwa na Anastasie, mfanyabiashara aendaye Kigoma kupitia mpaka wa Kabonga, ikiwa imeviringishwa ndani ya kitenge. Simu ya Silvano ilikuwa ya vitufe, lakini nyumbani alikuwa na kompyuta. Aliachiwa na rafiki yake Bahizire, Mkongo aliyekuwa na kibanda cha kuchapa barua pale sokoni Rumonge, kabla hajarudi kwao Uvira. Jioni Silvano alikuwa akiitumia kusikiliza nyimbo za kwaya, nyumba isiwe kimya.

Asubuhi ile alibonyeza kitufe, kisahani cha diski kikatoka, akaweka ya harusi, akakisukuma ndani. Mashine ikakoroma. Skrini haikuonyesha kitu. Akabonyeza tena kitufe ili aitoe. Ndani kukasikika mlio kama wa panya anayetafuna, kisha kimya. Alibonyeza mpaka kidole kikamuuma. Akazima, akawasha. Kisahani hakikutoka. Alikaa kwenye kiti akaitazama ile mashine kama mtu anayenyimwa kitu chake.

Mwishowe alimpigia Bahizire.

"Kompyuta yako imemeza diski," alisema.

"Usivute na kisu, Mwalimu, utavunja! Zima kwanza, chomoa waya ya umeme. Sasa angalia chini ya kale kamlango. Iko katundu kadogo sana. Unaona?"

Silvano akapiga magoti, akasogeza miwani. "Nimekaona."

"Ingiza kitu nyembamba, ngumu. Nyoosha sawasawa, usipindishe. Utasikia iko kitu ndani inakataa. Hapo ndiyo usukume polepole. Kamlango katatoka kidogo, utamalizia na vidole."

"Nikishindwa nitakupigia."

"Hata usiposhindwa, piga," Bahizire akasema. "Mimi huku nakumbuka chai yetu."

Silvano akajaribu kwa chelewa aliyoichomoa kwenye ufagio. Ikakatika, na alihangaika kukitoa kipande kilichobaki ndani. Hakuwa na waya mwembamba. Akatoka, akaenda mpaka kwenye ua, ambapo Consolée alikuwa akianika mihogo.

"Amahoro, muzee."

"Amahoro. Naomba kama una waya mwembamba. Kompyuta yangu imekataa kufunguka."

Consolée akatazama huku na huku, kisha akafungua pini aliyofungia kitenge chake, akakishika kitenge kwa mkono mmoja. "Chukua hii. Na ndani iko nini?"

Silvano akafungua kinywa. Miaka yote hiyo ya kuishi ua mmoja, na mama huyu hakujua kwamba ana mtoto. Ingetosha kusema neno moja tu.

"Diski," akajibu, kisha akashukuru: "Murakoze cane."

Akageuka. Njiani alijilaumu, hata akasimama kati ya michikichi, lakini hakurudi.

Alinyoosha pini kwa koleo, akaiingiza kwenye tundu. Ilipita, ikapita, halafu ikagonga kitu. Akasukuma polepole. Kukasikika "ta," na mdomo wa kisahani ukachungulia nje. Akaukamata kwa kucha, akavuta kwa pumzi moja. Kumbe ndani kulikuwa na diski mbili. Ile ya kwaya hakuwa ameitoa; ya harusi aliiweka juu yake kwa haraka, zikabanana. Alicheka peke yake, kicheko kifupi, kisha akaona ya harusi ina mkwaruzo mrefu mgongoni. Akaifuta kwa shati lake. Akachomeka umeme, akaiweka tena, safari hii peke yake.

Ikaanza.

Akamwona Zipora ndani ya shela, amenenepa kidogo, anacheka kama mama yake. Akaona turubai, masufuria, wanawake wa Mishamo wakipiga vigelegele, wengine wamezeeka asiwajue. Kamera ikageukia viti vya wazazi. Kwenye kiti cha baba alikaa Kabwe.

Silvano akasimama. Mkono ulikwenda kwenye kitufe cha kuzima. Halafu akaona Kabwe amevaa koti la kijivu ambalo mikono yake ilifunika vidole. Lilikuwa koti la Silvano mwenyewe, lile alilovaa akifundisha, alilomwachia Zipora ajifunike nalo usiku wa baridi. Kabwe ni mfupi. Lilimmeza.

Mshereheshaji akamwita baba wa bibi harusi aseme neno. Kabwe akapokea kipaza sauti, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Nawaomba msikilize," alisema. "Mimi siyo baba yake. Baba yake ni Mwalimu Silvano, yuko Rumonge, mpaka umemzuia. Koti hili ni lake. Mimi hapa nimekalia tu kiti chake kisibaki wazi. Sasa alichonituma..."

Hapo picha ikakatika ikawa vipande vipande vya rangi, sauti ikagugumia, ikaganda. Silvano alijaribu kurudisha nyuma, akajaribu kusogeza mbele. Kila mara diski ilifika kwenye neno lile lile ikasimama. Hakuwa amemtuma Kabwe chochote.

Alikaa mpaka jua likahama dirishani. Kisha akampigia Zipora, akamwomba namba.

"Ya nani, Baba?"

"Ya Kabwe."

Zipora akaitaja taratibu, tarakimu moja moja.

Kabwe aliitika kwa sauti ya mzee. Silvano hakujua aanzie wapi, akasema, "Nimeona harusi."

"Leo?"

"Leo. Imekwama pale ulipokamata kipaza sauti. Unasema nimekutuma kitu. Nilikutuma nini?"

Kabwe akakohoa. "Nilisema umenituma niwabariki. Nilidanganya mbele ya mchungaji, Mwalimu. Ningefanyaje? Watu walikuwa wananitazama."

"Hukudanganya," Silvano akasema. Kisha akauliza, "Koti lilikubana?"

"Linibane wapi! Nilipotea ndani yake."

Walicheka. Kabwe akamwambia kwamba mkewe alikwishafariki, na watoto wote wamehamia mjini. Zipora humtembelea Krismasi, akipata ruhusa kazini. "Nimebaki na kuku," alisema. "Na wewe?"

"Mimi na michikichi."

"Nipigie Jumapili, basi."

Jumapili Silvano alitoka kanisani hakusimama njiani. Alikaa barazani, akapiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ng'ambo ya ua familia ya Niyonkuru ilikuwa inakula, wanaongea wote kwa pamoja, na yeye alisikiliza bila kuelewa nusu yake. Hakupika siku hiyo.

Jumatatu asubuhi akiwa juu ya ngazi anakata mkungu wa chikichi, simu ikalia mfukoni. Alikuwa Kabwe. Simu yake ilikuwa dukani inachajiwa, alieleza. Kule kwao umeme bado. Silvano akashuka kwa uangalifu, akaketi chini kwenye majani makavu, akamwambia aendelee kusema.