Kidonge cha Fundi Valvu

Fundi bomba mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Valvu, alikuwa na imani moja tu: kitu kikiingia kwenye bomba na kutoka vilevile kilivyoingia, basi hapo katikati hakuna kazi iliyofanyika. Kwa imani hiyo alizibua vyoo vya nusu ya mji, na hakuna aliyembishia.

Basi presha ikampanda. Daktari akampa vidonge, akamwonya ameze kizima kila asubuhi, na kwamba presha isiposhuka kufikia Ijumaa ijayo, habari za kupanda ngazi asahau. Hilo lilimchoma. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake ya kwanza, na Valvu alishaapa kwamba tangi la maji juu ya paa lile hatalifunga mtu mwingine.

Akameza kwa utiifu usio wa kawaida yake. Siku moja, chooni, jicho la kifundi likanasa kitu. Kidonge! Kizima, cha waridi, kinang'aa kama kimetoka dukani.

Valvu alikaribia kulia. Yaani yeye anahesabu siku za kupanda paa, kumbe dawa inapita tu kama mgeni asiyepiga hodi. Akakiopoa, akakiosha, akakitia kwenye kiberiti kama ushahidi. Kesho yake, badala ya kuuliza, akachukua koleo lake la kazi, akapasua kidonge kipya na kumeza vipande, ili kukirahisishia kazi.

Haikuchukua muda, kuta zikaanza kucheza. Mkewe alimkuta sakafuni amelikumbatia sinki la mteja alilolileta nyumbani kulitengeneza, na alipomwita jina, mume akamwamkia shikamoo. Mama wa watu hakucheka. Alimkimbiza zahanati, wakamlaza, miguu juu, mpaka akili zikamrudia.

Hapo Valvu akatoa kiberiti chake, akaeleza na habari ya koleo. Mkewe aliposikia kilikotoka kile kidonge, nusura alazwe yeye. Mfamasia wa zahanati, msichana mtaratibu, akakichana kwa wembe.

"Dawa imeshatoka yote, mzee wangu," akasema. "Hili ni ganda tu. Lina kitundu hapa. Maji ya tumboni yanapenya polepole, yanaisukuma dawa itoke kidogo kidogo, mchana na usiku. Ganda haliyeyuki, likimaliza, linatoka. Wewe ulipokipasua kile kipya, dawa ya siku nzima ikakumwagikia kwa mkupuo."

Valvu akaomba miwani, akakitazama kile kitundu, na furaha ikampanda hadi masikioni. Ndani ya kitu kidogo kuliko nati, watu walikuwa wameweka tangi, pampu na bomba! Alimsimulia kila aliyepita, hata mlinzi wa getini, hadi mkewe akapiga marufuku habari hizo wakati wa chakula.

Akarudi kumeza vizima. Ijumaa presha ikapimwa, ikawa imetulia. Jumamosi akapanda, binti ameshika ngazi kwa mikono miwili, mkewe akimgombeza tangu kipago cha kwanza hadi cha mwisho. Maji yalipotoka jikoni, binti alicheka huku machozi yakimtoka, na baba juu ya paa akaimba vibaya kwa sauti kubwa.

Asubuhi iliyofuata, chooni, ganda la waridi lilikuwa pale. Valvu akasimama wima, akavua kofia.

"Pole na kazi," akaliambia, kisha akavuta maji.